Kihispania nchini Marekani: je, kitakuja kukishinda Kiingereza?

Binti wa Kisauni

Assalaam alaikum wanabaraza. Dada yangu ameolewa California, na kila tukizungumza kwa simu hakosi kunitajia Kihispania. Anasema akipiga simu kwa kampuni ya umeme, kabla hajapata mtu wa kuzungumza naye, sauti humtaka kwanza achague Kiingereza au Kihispania. Barua za shule ya mwanawe huja zimechapishwa Kiingereza upande mmoja na Kihispania upande wa pili. Na sokoni wachuuzi humwamkua kwa Kihispania, kisha wakiona hajibu ndipo hubadilisha. Mimi nilifundishwa kwamba Marekani ni nchi ya Kiingereza.

Nina maswali mawili. Kwanza, imekuwaje lugha hiyo ikapata nafasi kubwa namna hii, na je, ni kweli kwamba itafika siku ikishinde Kiingereza, kama shemeji anavyodai? Pili, mtoto yuko darasa la pili, na shule imewapa wazazi hiari ya kumweka katika darasa linalofundishwa kwa lugha zote mbili. Dada anachelea kwamba Kihispania kikiingia nyumbani, Kiswahili kitatoka. Naomba wenye ujuzi mnifafanulie, na tafadhali tusiingize siasa za vyama vyao.

Mwalimu Mstaafu, Tudor

Waalaikum salaam, binti yangu. Katika California ile anayoishi dada yako, Kihispania kilitangulia na Kiingereza kikaja baadaye. Mji wa Los Angeles ulianzishwa mwaka 1781 chini ya mfalme wa Uhispania. Mexico ilipojipatia uhuru mwaka 1821 eneo lote hilo likawa lake, nalo halikuingia mikononi mwa Marekani ila kwa vita. Mkataba wa Guadalupe Hidalgo, uliotiwa saini Februari 1848, uliiondolea Mexico zaidi ya nusu ya ardhi yake kwa malipo ya dola milioni 15, na watu waliokuwa wakiishi humo wakapewa mwaka mmoja wa kuamua ama wabaki raia wa Mexico ama wawe raia wa dola mpya. Wengi hawakuondoka walipokuwa.

Katiba ya kwanza ya California, ya mwaka 1849, ilitungwa katika mkutano uliohitaji mkalimani kwa kuwa baadhi ya wajumbe hawakujua Kiingereza, na iliagiza kwamba sheria zichapishwe kwa lugha zote mbili. Dhahabu ndiyo iliyogeuza mambo. Watu walimiminika kutoka kila upande, wenye Kihispania wakawa wachache katika nchi yao wenyewe, na katiba ya mwaka 1879 ikakiacha kifungu hicho. (Kabla ya Mhispania na Mwingereza palikuwa na makabila ya wenyeji wenye lugha nyingi mno, na hao hakuna mkutano uliowaletea mkalimani.)

Hata hivyo, wingi unaouona leo umetokana zaidi na wahamiaji wa karne ya 20: kutoka Mexico kwanza, kisha Cuba baada ya mapinduzi ya 1959, kisha Amerika ya Kati wakati wa vita vya miaka ya 1980. Puerto Rico ina habari yake: ilichukuliwa kutoka Uhispania mwaka 1898, na watu wake ni raia wa Marekani tangu mwaka 1917, kwa hivyo anayetoka huko kwenda New York hahitaji viza wala kibali cha mtu. Ukiwajumlisha wote, zaidi ya watu milioni 40 huzungumza Kihispania majumbani mwao nchini Marekani, na zaidi ya nusu yao wanakijua Kiingereza vizuri sana.

Karani wa Makupa

Namshukuru Mwalimu, ila maelezo yake yasitufanye tudhani kwamba historia peke yake ndiyo iliyoipa lugha hiyo nafasi yake ya leo. Karatasi ya kura yenye Kihispania ni matokeo ya marekebisho ambayo Bunge la Marekani liliifanyia Sheria ya Haki za Kupiga Kura mwaka 1975. Kaunti yenye zaidi ya raia 10,000 wa umri wa kupiga kura, au zaidi ya asilimia 5 ya raia hao, ambao ni wa jamii moja ya lugha na hawakijui Kiingereza vya kutosha, hulazimika kuwaandalia karatasi na maelezo kwa lugha yao, yakitimia pia masharti ya kiwango cha elimu. Lakini jamii zinazolindwa ni wenye asili ya Kihispania, Waasia, na wenyeji wa asili wa Marekani na Alaska. Waswahili na Wasomali wangejaa kaunti nzima, sheria hiyo isingewahusu.

Kwa upande wa shule mambo yamekuwa ya kupanda na kushuka. Mwaka 1998 wapiga kura wa California walipitisha sheria iliyobana sana ufundishaji wa watoto kwa lugha isiyo Kiingereza. Mwaka 2016 wapiga kura wa jimbo hilohilo wakaiondoa kwa wingi mkubwa, na madarasa kama hilo analopewa mtoto wa dada yako yakapata njia ya kuenea. Kisha tarehe 1 Machi 2025 rais akatia saini amri ya kukifanya Kiingereza lugha rasmi ya nchi, jambo ambalo serikali ya kitaifa haikuwahi kulifanya tangu dola hiyo iundwe. Amri hiyo ilifuta agizo la mwaka 2000 la kuwahudumia wasiojua Kiingereza, ingawa haikuzilazimisha idara kuacha huduma hizo. Sheria ya kura imebaki palepale, kwa kuwa amri ya rais haifuti sheria ya Bunge.

Sisi hapa Kenya tumeyamaliza hayo kwa kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010: Kiswahili ni lugha ya taifa, na Kiswahili na Kiingereza ni lugha rasmi. Tumeyamaliza kwa maandishi, nasema. Nenda katafute fomu ya Kiswahili katika ofisi yoyote ya umma mjini, kisha uniletee habari.

Muuguzi, Likoni

Ndugu zangu, shemeji anaposema Kihispania kitakishinda Kiingereza, anahesabu vichwa bila kuangalia umri wa wenye vichwa hivyo. Jambo lililoonekana kwa wahamiaji wa Marekani vizazi kwa vizazi, wawe Wajerumani, Waitaliano au wenye Kihispania, ni kwamba aliyehamia akiwa mtu mzima hubaki na lugha yake, mwanawe huzijua mbili, na mjukuu huishia na Kiingereza. Kihispania hukawia zaidi kuliko lugha nyingine, lakini njia ni hiyohiyo. Kinaonekana hakipungui kwa sababu wageni wapya huingia na kuziba nafasi ya wajukuu walioacha. Wangesita kuja, mngeona. Wako vijana wengi wenye majina ya Kihispania, baba na babu, ambao jamaa zao huwacheka kwa kushindwa kuijibu salamu ya nyanya yao.

Nayaona hayo hapa kwetu kazini. Bibi analetwa kutoka ndani ya Kinango, hajui ila Kiduruma. Akiulizwa maumivu yako wapi, humgeukia mjukuu aliyemleta. Mjukuu ni mtoto wa mjini, Kiduruma anakisikia nusunusu, basi anakisia: "Anasema ni tumbo." Na mkono wa bibi uko kifuani. Huko Marekani, hospitali zinazopokea fedha za serikali zimekatazwa kumtumia mtoto kuwa mkalimani isipokuwa kwa dharura, na mimi natamani katazo hilo lingefika hapa kabla ya mashine nyingi tunazoahidiwa.

Kiduruma hakikupigwa marufuku na mtu. Wazazi wa kijana yule walimsemesha Kiswahili kwa kuona ndicho cha mjini, na sasa Kiswahili chenyewe kinasogezwa na Kiingereza katika nyumba nyingi za Nyali. Ndiyo maana nasema dada asikiogope Kihispania. Kitakachokitoa Kiswahili nyumbani kwake ni Kiingereza, kwa sababu ndicho mtoto anachochezea, anachotazamia katuni, na ambacho kesho atawajibia wazazi wake wakimsemesha Kiswahili. Siku atakapoanza kujibu kwa Kiingereza na wazazi wakanyamaza, hapo ndipo pa kushtuka.

Mfasiri, Mji wa Kale

Naunga mkono, na naongeza jambo dogo. Si kila atokaye Mexico ana Kihispania. Katika mashamba ya stroberi ya Oxnard, huko huko California, wako wafanyakazi wengi waliotoka Oaxaca ambao lugha yao ya nyumbani ni Kimixteco, na ofisi huweza kuwaletea mkalimani wa Kihispania ikidhani imetimiza wajibu. Hao wanabanwa na lugha mbili kubwa, na lile wingi la milioni 40 linawafunika wasionekane.

Binti wa Kisauni

Nawashukuru nyote. Nitamsomea dada maneno ya Bi. Muuguzi kama yalivyo. Je, kuna faida yoyote ya shule kwa mtoto kukihifadhi Kiswahili, au ni ya nyumbani tu?

Mwalimu Mstaafu, Tudor

Iko, binti yangu. Tangu sheria ya mwaka 2011, California humpa mwanafunzi anayemaliza sekondari muhuri katika cheti chake iwapo amethibitisha kukimudu Kiingereza pamoja na lugha nyingine, na lugha hiyo si lazima iwe Kihispania. Kwa Kiswahili itabidi wilaya ya shule ikubali kumtahini, kwa hivyo dada aulize mapema. Mtihani wa namna hiyo hutaka kusoma na kuandika pamoja na kusema, na watoto wengi wa ughaibuni hukwama hapo. Nyanya yake aliye Kisauni aache kumtumia ujumbe wa sauti kila mara. Amwandikie, naye atakiwe kujibu kwa kuandika.