Naomba ushauri: mkate wa mahindi mabichi unanata katikati

Wapishi wa Kakamega, Kisumu na Nakuru, hamjambo? Mahindi mabichi ndiyo haya, naomba msaada wa mkate wa kuvukisha.

Kipimo ni vikombe 4 vya mahindi yaliyosagwa, sukari vijiko 3 vya mezani, samli 2, bekin pauda kijiko 1 cha chai, na chumvi kidogo. Nafunga kwa majani ya mgomba yaliyopitishwa motoni yasipasuke, navukisha saa 1. Chini ya kifuniko naweka kitambaa kizito, kwa hiyo si matone ya mvuke.

Punje nazibonyeza kwa ukucha. Zikitoa maji mepesi bado ni changa, wanga ni mdogo na mkate haushiki. Zikitoa uji mzito, hapo ndipo. Nasaga siku ile ile ya kuvuna, maana yakilala utamu unageuka wanga.

Pembeni unaiva vizuri kabisa. Nashuku unene, vidole vinne. Je, nipunguze hadi viwili, au niongeze nusu kikombe cha unga wa mahindi makavu? Ngano sitaki, inafifisha ile harufu tamu. Na mnaogandisha rojo kwenye friza, bekin pauda mnatia kabla au baada ya kuyeyusha?