Kitabu cha watoto kikichorwa na akili mnemba, mnaonaje?

Wadau, nachora vitabu vya watoto hapa Dar, huu mwaka wa kumi na moja. Juzi mchapishaji mmoja alinitumia picha ishirini za akili mnemba, akaomba nizirekebishe kwa robo ya malipo ya kawaida. Hadithi ni ya bibi anayekuna nazi. Pichani bibi amekaa kwenye kigoda, na pembeni yake kasimama mbuzi mzima, ana pembe na ndevu, anatafuna nazi. Mashine imekutana na neno mbuzi, kile kibao cha kukunia nazi, ikaleta mnyama. Mtoto wa Tanga au wa Kilwa angeona kosa kabla hajajua kusoma.

Nilikataa. Lakini niseme ukweli, hata mimi naitumia. Nikikwama kwenye rangi za machweo naiomba inionyeshe namna tano, kisha nakaa nachora yangu. Inaniokolea siku nzima, na sisi tunaolipwa kwa picha tunajua siku nzima ni nini.

Kinachoniuma ni ilikojifunzia. Stable Diffusion, programu ya akili mnemba ya kutengeneza picha iliyotoka 2022, ilifunzwa kwa picha kutoka LAION-5B, orodha ya picha zaidi ya bilioni 5 za mtandaoni, na wenyewe hawakuulizwa. Januari 2023 wachoraji watatu wa Marekani, Sarah Andersen, Kelly McKernan na Karla Ortiz, walikwenda mahakamani kwa sababu hiyo.

Rafiki yangu hunijibu kwamba hata mchoraji Tingatinga aliigwa. Ni kweli. Edward Saidi Tingatinga alianza mwaka 1968, rangi ya baiskeli juu ya hadibodi, akafariki 1972, na leo mtindo wake uko kila duka la watalii. Ila waliotangulia kumwiga ni ndugu na vijana aliowafundisha mwenyewe. Walikaa naye, wakashika brashi mbele yake, na kazi ile ikawalisha. Mashine haikukaa na mtu yeyote, na hakuna mchoraji ninayemjua aliyelishwa nayo.

Mimi nasema hivi: mchapishaji akitumia akili mnemba aandike wazi, pale pale panapokaa jina la mchoraji, na anayerekebisha alipwe kama mchoraji. Wazazi na walimu, mkiona maandishi hayo mtanunua kitabu? Na wachoraji wenzangu, nyie mnaitumia hadi wapi?