Naomba ushauri: nataka kujifunza kuangusha miti kwa chensoo, niko Muheza

KijanaWaMuheza

Wakuu, salaam. Mzee wetu alituachia shamba dogo huku juu, njia ya kwenda Amani. Mpakani alipanda mikaratusi, leo imebaki 14, na mingine nikiikumbatia mikono haikutani. Kuna na mwembe wa zamani umelalia banda la jiko la mama. Fundi aliyekuja kuiona anataka 20,000 kwa kila mkaratusi. Kuhusu mwembe akaniambia "huo tutaongea". Mfuko umekauka, ila shemeji yangu ana chensoo na amekubali kuniazima. Nimeiwasha mara mbili, nikakata kuni, basi.

Hofu yangu ni hii: mwaka jana jirani aliangukiwa na tawi. Si mti, tawi kavu tu lililokuwa limenasa juu. Yu hai, lakini bega halijarudi sawa mpaka leo. Mama kasema nikiigusa mikaratusi bila mtu anayejua kazi, nisahau kula kwake.

Sasa mtu anajifunzaje kazi hii bila kufa? Naanzia wapi? Video nimeangalia mpaka bando limeisha.

mpigambao

Mkuu usitishwe na watu. Mimi nakata miti kwa kandambili miaka yote na sina hata kovu. Kata mdomo, lile pengo la umbo la V, upande unaotaka uangukie, zunguka nyuma malizia, kimbia. Hela ya kofia nunulia petroli.

MstaafuWaMitiki

Kaka mpigambao, nimekaa kwenye mitiki miaka 22. Wenzangu wawili niliowasindikiza makaburini nao hawakuwa na kovu. Tuendelee na kijana.

Mdogo wangu, msumeno ni hatari moja na mti ni hatari nyingine. Watu wanajifunza zote mbili siku moja, ndipo wanapoumia. Wewe zitenganishe. Wiki mbili za mwanzo usiangushe chochote. Tafuta magogo yaliyokwisha kulala chini, ukate vipande, vingi, mpaka mkono uuzoee msumeno bila kufikiri.

Kuwasha: uweke chini, breki ya cheni imefungwa, mguu wa kulia umekanyaga ndani ya mpini wa nyuma, mkono wa kushoto umeshika mpini wa mbele, ndipo uvute kamba. Ile ya kuuning'iniza hewani na kuvuta huku unauachia ushuke, waachie wanaojionesha. Ukishika, kidole gumba cha kushoto kizunguke mpini kabisa. Kikikaa juu pamoja na vidole vingine, siku msumeno ukiruka utakuponyoka.

Na utaruka, usiseme sikukwambia. Ile robo ya juu ya ncha ya bao, yaani ule upanga unaobeba cheni, ikigusa kitu wakati cheni inakimbia, bao linarushwa juu na nyuma, kuelekea uso wako, haraka kuliko unavyoweza kukwepa. Ndiyo maana breki ipo, ndiyo maana husimami uso wako ukiwa kwenye mstari mmoja na bao, na ndiyo maana hukati kitu kilicho juu ya bega.

Magogo yatakufundisha na jambo jingine: mbao inabana wapi na inaachia wapi. Gogo lililoegemea ncha zote mbili, katikati hewani, linabana juu na kuachia chini. Ukikata kutoka juu moja kwa moja litaling'ang'ania bao lako na utashinda hapo unavuta. Kata theluthi moja juu, kisha malizia kwa chini. Likiwa limeegemea upande mmoja tu, geuza mpango: anza chini, malizia kwa juu. Mtu asiyeyajua haya kwenye gogo lililolala hana biashara na mti uliosimama.

Noa kila unapojaza mafuta. Cheni butu inatoa vumbi, cheni kali inatoa vipande. Cheni butu inakufanya usukume, na anayesukuma ndiye anayeteleza.

Bi_Pongwe

Mimi ni muuguzi, ya msumeno siyajui ila matokeo yake nayajua. Mwanangu, usiende shambani peke yako. Awepo mtu mwenye simu yenye chaji, na mjue kabla ni wapi mtandao unashika, maana huko juu kuna mabonde hayashiki kabisa. Mbebe na vitambaa safi vinene au khanga. Jeraha la cheni ni la kuchanika, linatoa damu nyingi. Mnakandamiza kwa nguvu palepale na hamwachii mkichungulia kila dakika, mpaka mfike hospitali. Bodaboda awe mmeshampa taarifa. Kutoka huko hadi hospitali ya Bombo, Tanga mjini, si karibu.

Halafu kandambili! Yarabi.

kusi_na_kaskazi

Kabla ya yote pita serikali ya kijiji, kisha ofisi ya TFS (wakala wa misitu) ya wilaya, ueleze miti ni ya nani na iko wapi. Kupanda mwenyewe hakukuondolei maswali, hasa ukitaka kusafirisha mbao. Bila hati ya kusafirishia utalala kizuizini na lori la watu. Na uwe na uhakika wa mpaka. Upande ule kuna hifadhi, mti mmoja wa upande wa pili unakutia matatani.

Kama unataka mafunzo ya darasani, kuna chuo cha misitu Olmotonyi kule Arusha na cha viwanda vya misitu Moshi. Waulize kama wana kozi fupi.

KijanaWaMuheza

Asanteni sana. Mstaafu, nimekuelewa kuhusu magogo, kuna mfenesi ulioanguka masika naanza nao kesho. Vifaa je? Nina gambuti na miwani ya jua 😅

MstaafuWaMitiki

Miwani ya jua vaa harusini.

Kofia ngumu yenye wavu wa uso na vizibo vya masikio, kama utapata moja yenye vyote ni bora. Kelele ya chensoo inapita desibeli 100, masikio yanakufa taratibu hata hujui, mimi la kushoto nimeshalizika. Buti ngumu zenye soli inayoshika, maana huko ni mteremko na udongo mwekundu. Na suruali ya kinga. Hii watu wanaidharau kwa sababu ya bei. Ndani yake kuna nyuzi ndefu. Cheni ikiigusa inazivuta nje, zinajisokota kwenye gia na kuizima kabla haijafika nyama. Tafuta hata ya mtumba ambayo haijachanwa. Mtu akikwambia jinzi nzito inatosha, ni huyohuyo wa kandambili.

Sasa mti, lakini ukimaliza mfenesi. Kwanza zima msumeno, simama, tazama juu. Tawi kavu, tawi lililonasa, mizabibu mwitu iliyofunga mti huu na ule. Jirani yako aliumizwa na asichokitazama. Kisha uangalie mti wenyewe umelalia wapi na uzito wa matawi uko upande gani. Kusi likivuma mchana usikate, nenda alfajiri kumetulia.

Urefu: chukua kijiti chenye urefu sawa na kutoka jicho lako mpaka ngumi ukiwa umenyoosha mkono. Kisimamishe wima ngumini, rudi nyuma mpaka ncha ilingane na kilele na ngumi ilingane na kitako cha mti. Pale uliposimama mpaka kwenye mti ndio urefu wake. Watu wengine wote wakae mbali mara mbili ya hapo, na mbuzi pia.

Safisha njia mbili za kukimbilia, nyuma yako na pembeni, kwa mshazari. Si nyuma moja kwa moja, kitako kinaweza kurudi huko kama ngumi.

Mdomo: upande wa kuangukia, kina robo ya unene au pungufu kidogo. Mkato wa nyuma uwe juu kidogo ya kona ya mdomo, vidole viwili vitatu. Na hapa ndipo roho ya kazi ilipo: USIMALIZE. Unaacha ukanda wa mbao katikati, sisi tunauita bawaba, unene wake sehemu moja ya kumi ya mti. Mti wa sentimita 40, bawaba sentimita 4, sawa kushoto na kulia. Bawaba ndiyo inayouongoza mti chini kama mlango unavyofungwa. Ukiikata yote mti hauna bwana, unaenda unakotaka wenyewe. Gonga kabari ya mbao au plastiki nyuma, si ya chuma, cheni itakula meno. Mti ukianza kulia, toa msumeno, ondoka kwa mwendo huku unatazama juu.

Mkaratusi ulioinama sana mbele uuache. Ukikata nyuma polepole unapasuka wima kabla haujakatika, nusu inaruka juu kama mzinga. Kuna mkato wake maalumu, hautajifunza kwa kuandikiwa. Na mwembe wa jikoni mpe fundi, lipa hizo hela.

mpigambao

Sawa mzee, ya bawaba sikuyajua kwa jina ila ndivyo nifanyavyo 😂

KijanaWaMuheza

Wakuu, mrejesho. Ni wiki ya nne. Mfenesi umekwisha kuwa kuni, jiko la mama limejaa. Nilipata suruali ya kinga ya mtumba Tanga mjini, pana kama hema. Jana nimeangusha mikaratusi mitatu midogo na binamu yangu, miwili imelala pale nilipochomeka kigingi cha alama. Visiki nimeacha vifupi, kiganja kimoja, ichipue tena.

Wa tatu ndio tatizo. Bawaba niliiacha nene upande mmoja, ukageuka, umeegemea ule mwembe. Umening'inia mpaka sasa. Nilitaka kukata kitako kipande kipande ushuke.

MstaafuWaMitiki

Usiuguse. Umepita chini yake?

KijanaWaMuheza

Mara moja, kuchukua kabari.

MstaafuWaMitiki

Usirudie, kabari ni ya 500. Usipande juu, usikate mwembe uliobeba, usikate kitako, usiangushie mti mwingine juu yake. Hizo nne zinaua watu. Zungushia kamba, watoto wasipite, waambie na majirani. Dawa yake ni winchi ya mkono: unafunga kitako kwa waya na kukivuta kirudi nyuma, wewe ukiwa mbali, tena pembeni, mpaka kilele kiteleze. Ninayo. Niko Mkinga, Jumamosi nakuja na basi la asubuhi, unipokee Muheza stendi. Tutautazama na mwembe siku hiyohiyo.

KijanaWaMuheza

Mama anauliza unakula bada (ugali wa muhogo) kwa samaki au akupikie wali wa nazi.