Nafarijika na muziki wa emo (roki ya kumwaga hisia) tangu baba afariki, lakini dada anaona najidhuru. Naomba ushauri wenu

MwanaTanga aliandika:

Assalaam alaikum, na habari za jioni wakubwa na wadogo zangu. Mimi ni kijana wa miaka 29, mzaliwa wa Tanga, na huu ni mwaka wa nne ninaishi Columbus, Ohio, nyumbani kwa dada yangu mkubwa. Ninafanya kazi zamu ya usiku katika ghala la mizigo. Mwishoni mwa Februari baba yetu alifariki dunia alfajiri na akazikwa siku hiyohiyo baada ya sala ya adhuhuri, kwa hiyo watu walipokuwa wanarudi kutoka makaburini, huku kwetu ndiyo kwanza kulikuwa kunapambazuka. Nilishuhudia maziko ya baba yangu kwenye kioo cha simu, nimesimama nje ya ghala, theluji imenifika vifundoni.

Kwa miezi mitatu sikutoa chozi. Kila aliyenipigia simu aliniambia nijikaze kwa kuwa mimi ni mwanamume, nami nikajikaza mpaka nikawa sihisi hata njaa.

Usiku mmoja kijana wa Kimarekani ninayepakia naye maboksi alifungulia wimbo wa kundi la My Chemical Romance unaoitwa "Welcome to the Black Parade". Unaanza kwa piano, sauti moja moja, taratibu, na mwimbaji anakumbuka jinsi alipokuwa mdogo baba yake alivyompeleka mjini kutazama bendi ya gwaride. Kisha ngoma za gwaride zinaingia. Hapo nilimwona baba. Alikuwa mfanyakazi wa bandari, na Mei Mosi moja alinibeba mabegani ili niione bendi ya polisi ikipita. Nakumbuka tarumbeta kubwa lililokuwa linawaka jua, na kiganja chake kigumu kimenishika kifundo cha mguu nisianguke. Nililia nikiwa nimekumbatia boksi la mtu, na mwenzangu akanipokea mzigo bila kuuliza neno.

Tangu siku hiyo nasikiliza emo na pop-panki, yaani roki ya kasi yenye tuni nyepesi, karibu kila usiku. Kinachonishika ni kwamba waimbaji hawa hawajifanyi mashujaa. Mtu anasema amechoka, anaogopa, amemkosa mtu wake, na anasema kwa sauti inayokaribia kupasuka. Sijawahi kumsikia mwanamume wa kwetu akilisema hilo mbele ya watu.

Dada amenisikia nikilia chumbani, akaangalia picha za kundi hilo, nguo nyeusi na nyuso zilizopakwa rangi nyeupe, na sasa anaamini muziki huu unanivuta kaburini. Ninampenda na sitaki kumtia hofu. Je, niache? Na kama si lazima niache, nimweleze vipi?

Gitaa_la_Kale alijibu:

Pole sana ndugu yangu, Mwenyezi Mungu ampumzishe mzee wetu. Mimi nimeusikiliza muziki huu kwa zaidi ya miaka 20, na ningependa ujue umetoka wapi, kwa sababu huenda likakusaidia kumjibu dada. Ulizaliwa Washington katikati ya miaka ya 1980, pale vijana wa panki ya kasi, roki ya makelele na hasira, walipochoshwa na ngumi na ubabe uliokuwa umetawala maonyesho yao. Makundi kama Rites of Spring yaliichukua nguvu ileile ya gitaa na kuigeuzia ndani, kwenye moyo wa mwimbaji mwenyewe. Wengi wao hata hilo jina la emo hawakulipenda.

My Chemical Romance nao walianza kwa msiba. Mwimbaji wao, Gerard Way, aliamua kuunda kundi baada ya kushuhudia mashambulizi ya Septemba 11, 2001, na wimbo wao "Helena" ni wa bibi yao, yeye na mdogo wake Mikey, aliyefariki mwaka 2003. Albamu yenye wimbo uliokuliza ilitoka mwaka 2006 na inamhusu mgonjwa anayekufa kwa saratani. Way ameeleza kwamba humo kifo kinamjia mtu kwa sura ya kumbukumbu anayoipenda kuliko zote, na kumbukumbu ya mgonjwa yule ni gwaride alilopelekwa na baba yake. Kwa hiyo ulichokisikia ndani ya ule wimbo ndicho kilichowekwa mle.

Zile nguo nyeusi ni za matanga. Mwaka 2008 gazeti moja la Uingereza lilipolihusisha kundi hili na kujiua, mashabiki waliandamana London kulipinga, wakisema nyimbo hizo ziliwasaidia kubaki hai.

Mzee_wa_Pangani alijibu:

Mwanangu, pole kwa kufiwa. Mimi muziki huo siujui, na sitajifanya naujua. Ninachokijua ni kwamba waliokuambia usilie walikukosea, kwani Mtume mwenyewe alitokwa na machozi alipofiwa na mwanawe Ibrahim. Ila nakuomba jambo moja: usiku huo unaosikiliza nyimbo, mtengee na baba yako dakika chache za dua, na ukipata senti toa sadaka kwa niaba yake. Nyimbo zinakufikia wewe, dua inamfikia yeye. Nadhani hata dada yako akikuona unafanya hivyo moyo wake utatulia.

Mama_Zawadi alijibu:

Pole sana mdogo wangu. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili, Nairobi, na swali lako ningelijibu kwa kukuuliza maswali badala ya kukupa amri. Wimbo unapokwisha, unajisikia mwepesi au mzito zaidi? Ukishalia, unaweza kula, kulala na kumpigia mama simu, au unaurudisha wimbo uleule mara kumi huku ukijilaumu kwamba hukuwepo? Machozi yanayokuja, yanamwagika na kukuacha na pumzi, hayo ni ya kuomboleza, na wewe uliyanyimwa kwa miezi mitatu. Kuna kulia kwingine, kunakozungukia neno moja la lawama, na huko muziki wowote, hata kaswida, unaweza kuwa kijiti cha kuchokolea kidonda. Wewe peke yako ndiye unayejua uko wapi, na inawezekana wiki hii uko hapa na wiki ijayo uko kule.

Hilo la kutohisi njaa lilinishtua kuliko nyimbo. Kama halijaisha, muone daktari. Na ikitokea wazo la kutotaka kuishi, usilisubirishe mpaka asubuhi: kwa kuwa uko Marekani, piga 988, saa yoyote.

Binti_Mvita alijibu:

Kaka, usimweleze dada, msikilizishe. Lakini usianze na yale makelele. Mwanzishie albamu ya kundi la Paramore ya mwaka 2017, "After Laughter", ambayo midundo yake inachezeka kabisa huku maneno yakisema wazi habari za huzuni nzito. Nasi watu wa pwani tarumbeta na gwaride si vigeni kwetu. Babu zetu walicheza beni, ngoma ya kuiga bendi za gwaride, wakashindana vikundi vya Marini na Arinoti, hapo hapo kwenu Tanga.

MwanaTanga aliandika:

Nawashukuru nyote kwa dhati. Mama Zawadi, njaa imerudi, na huwa najisikia mwepesi, isipokuwa siku za Jumapili ambazo ndizo baba alikuwa akinipigia. Siku hizo nimeamua nisisikilize peke yangu. Mzee wangu, ombi lako nimelipokea na nimeanza.

Binti Mvita, sikufuata mpangilio wako. Jana dada alinikuta jikoni, nikamwomba akae, nikamfungulia ule wimbo wenyewe tangu mwanzo na kumwambia kuhusu Mei Mosi. Alinyamaza mpaka gitaa kubwa lilipoingia, akaniomba nizime. Nikadhani amechukia. Kumbe alikuwa analia. Akasema, "Siku ile na mimi nilikuwepo. Ulivua viatu ukiwa juu mabegani kwa baba, nikavishika mimi njia nzima hadi nyumbani."

Sikuwa na kumbukumbu ya viatu. Tulikaa kimya kidogo, kisha akasema makelele ya mwisho hawezi kuyavumilia, lakini nimrudishie pale penye piano.