Kubadili tosheni baa za mbele kwenye Land Cruiser 100

Rafurodi_Kila_Siku
Habari wakuu. Gari ni Land Cruiser 100 ya dizeli (HDJ100), ina bulba ya chuma (kinga nzito ya mbele) na winchi. Pua ilikuwa imelala, bolti za tosheni baa (fimbo za chuma zinazojisokota na kufanya kazi ya springi za mbele) zikakazwa, ikapanda kama sentimita 4. Sasa gurudumu likidondoka shimoni linagonga kwa nguvu, na buti za sivii jointi (viungo vya shafti za magurudumu ya mbele) zimeanza kupasuka. Nimenunua tosheni baa nene zaidi, ila moja ina mkwaruzo kwenye rangi. Zinabadilishwaje? Na kwa nini kukaza tu hakukutosha?

Amu_ya_Chini
Mkuu, kukaza ile bolti hakuongezi ugumu wa baa hata kidogo. Kunageuza tu pembe inakoanzia, kwa hiyo pua inapanda huku springi ikibaki ileile. Amu (mikono inayoshika magurudumu) nazo zinakuwa zimeshuka karibu na raba ya kikomo gari likiwa limesimama tu. Gurudumu halina tena nafasi ya kushuka, ndiyo maana linagonga. Sivii jointi inafanya kazi kwenye pembe kali muda wote, na mikunjo ya buti inasuguana mpaka inachanika.

Ugumu unatokana na unene, na unapanda haraka sana, kwa kipeo cha nne. Baa ya milimita 30 ina ugumu unaozidi ile ya milimita 28 kwa karibu theluthi moja, urefu na chuma vikiwa vilevile. Kwa hiyo baa nene inabeba bulba na winchi ikiwa imejisokota kidogo kuliko ya zamani. Ukiifunga kwenye jino lilelile la mwisho wa baa, pua itapanda kupita kiasi.

Spana_30
Hatua zenyewe. Gari likiwa sehemu tambarare, pima kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa fenda, kushoto na kulia, uandike. Usipime kutoka chini, upepo wa tairi utakudanganya. Pima pia nyuzi za bolti zilizojitokeza kila upande.

Weka kabari magurudumu ya nyuma, inua mbele yote kwa pamoja, weka stendi chini ya chasisi na si chini ya amu. Magurudumu yote mawili yaning'inie. Ukiinua upande mmoja, stabilaiza (baa inayounganisha pande mbili) itauvuta mwingine na vipimo vyako havitakuwa na maana.

Safisha nyuzi za bolti kwa brashi ya waya, pulizia mafuta ya kulegeza kutu, na uyape muda. Soketi ni ya 30. Usiigeuze bolti uzito wa gari ukiwa juu yake. Nyuzi zikikatika hapo umepoteza bolti na nati. Hata magurudumu yakining'inia, anka (mkono unaoshika mwisho wa nyuma wa baa na kusukumwa na bolti) bado inaweza kuwa na mvuto, basi usiweke uso wala mkono kwenye njia yake.

Bolti ikilegea kabisa, tia alama ya rangi kati ya anka na baa, na kati ya baa na kishikio chake kwenye amu ya chini. Rudisha nyuma buti za vumbi, toa anka kwenye meno, kisha vuta baa itoke mbele. Ikigoma, gonga anka kwa nyundo ya shaba. Usiishike baa kwa spana ya mabomba, na usiipashe moto kwa gesi. Joto linaharibu ugumu wa chuma chake.

Kwenye kufunga, paka grisi meno ya pande zote mbili na ndani ya buti. Chomeka mbele kwanza, kisha tafuta jino la anka ambalo bolti inashika nyuzi chache tu amu zikiwa zimening'inia. Hapo ndipo unapoanzia kukaza, zamu kwa zamu, idadi sawa kila upande.

Amu_ya_Chini
Nyongeza kuhusu kushoto na kulia: soma alama mwishoni mwa baa kabla ya kuzifunga. Kiwandani kila moja huzungushwa kupita kiasi kuelekea upande wake ili chuma kizoee mzigo wa upande huo. Ukizibadilisha pande zitalala mapema, au zitakatika. Na badili zote mbili pamoja.

Ule mkwaruzo usiupuuze. Mzigo wa kujisokota ni mkubwa kabisa juu ya ngozi ya baa, na ufa huanzia hapohapo. Rangi tu ikiwa imetoka, paka upya kabla kutu haijashika. Ukisikia mfereji kwa ukucha, irudishe dukani.

Rafurodi_Kila_Siku
Shukrani sana. Bolti ikiisha nyuzi na pua bado iko chini?

Spana_30
Inua mbele tena na ulegeze bolti, sogeza anka jino moja upande wa kukaza, uanze upya. Pua ikiwa juu sana na bolti karibu imetoka, jino moja upande wa kulegeza. Kila unapobadilisha, shusha gari, libonyeze mbele mara kadhaa, litembeze mbele na nyuma ndipo upime, la sivyo matairi yatakuwa yamejibana na kuishikilia pua juu. Ukigusa upande mmoja, pima na wa pili. Baa mpya hulala kidogo, pima tena baada ya kilomita 500 hivi. Kisha alaimenti, maana kimo kikibadilika kemba na too (pembe za magurudumu) vinahama, halafu taa za mbele.

Difu_Loki
Kama 100 yako ina AHC, ile ya kupanda na kushuka kwa mafuta, simama kwanza. Baa zake ni nyembamba kwa sababu mafuta yanabeba sehemu ya uzito, na bolti hizo ndizo zinazorekebisha presha ya mfumo. Usikimbilie kufunga baa nene hapo. Wenye Land Cruiser 105 mada hii ya tosheni baa haiwahusu, mbele yao kuna ekseli nzima na springi za koili.