Likizo ya kisiwani: mchana ufukweni, usiku samaki. Tarehe nichague vipi?

Mpangaji_Mvivu

Wakuu, habari za jioni. Mimi na mke wangu tumekubaliana jambo moja tu kuhusu likizo: tunakwenda kisiwa cha joto, na chakula cha kila jioni kitoke baharini. Kuanzia hapo ni mvutano. Mwenzangu anataka aogelee, akauke, aogelee tena. Mimi nataka kulala chini ya mnazi, kitabu usoni, mpaka harufu ya samaki wa kuchoma iniamshe. Kisiwa chenyewe bado hatujakipata. Yeye anataka Karibiani, mimi Bahari ya Hindi, na mama mkwe, ambaye hata haendi, anaipigia debe Tahiti.

Kinachonichanganya ni picha za wageni. Hoteli ni ileile, lakini picha hii maji yamefika kwenye ngazi, picha ile bahari haionekani kabisa, mashua zimelala ubavu kwenye mchanga. Nani anadanganya? La pili, kila mkahawa unaandika "samaki wa leo". Nitajuaje kama ni wa leo kweli? Nisaidieni kabla sijalipia chumba.

Kobe_wa_Mchangani

Mkuu, suala la mnazi lifute leo hii. Nazi ikikomaa haiulizi nani kalala chini. Hoteli yenye akili huziangua mapema. Kama hawaangui, hamia kwenye mwavuli. Hayo ya bahari kupotea ngoja wenyewe waje.

Bi_Jikoni

Nimekuja, Kobe. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimepika kwenye hoteli za visiwani, bahari hii na ile, kwa hiyo haya ndiyo mazungumzo yangu.

Mpangaji, hakuna aliyedanganya. Picha moja maji yamejaa, nyingine yamekupwa, na huenda zimepigwa siku moja kwa kupishana saa sita hivi. Wageni huuliza hoteli ina nyota ngapi, ilhali kinachoamua siku yao ni mwezi. Mwezi ukiandama, au ukiwa mpevu, jua na mwezi huivuta bahari kwa mstari mmoja, na hapo ndipo linapokuja bamvua: maji hujaa sana na hupwa sana. Kisiwa chenye mwamba na ufuko wa kina kifupi, saa za kupwa utatembea wee, na maji hayakufiki magotini. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu. Bahari inasogea kidogo, na muogaji anapata maji karibu saa zote za mchana. Tena kila siku maji huchelewa kama dakika 50 kuliko jana. Yakijaa leo saa 4 asubuhi, baada ya siku sita yanajaa alasiri. Jedwali la maji la bandari iliyo karibu na kisiwa chako linapatikana mtandaoni. Lisome kabla ya kusoma sifa za vyumba.

Mama mkwe wako naye usimpuuze. Tahiti ina ajabu yake: maji hujaa karibu na adhuhuri na karibu na usiku wa manane, kila siku iendayo kwa Mungu, bila kuchelewa. Mahali ile bahari ilipo, mvuto wa mwezi karibu haufanyi kazi, limebaki jua peke yake. Na tofauti ya kujaa na kupwa ni kama sentimita 30 tu. Karibiani pia maji hupanda na kushuka kidogo, sehemu nyingi chini ya nusu mita. Bahari ya Hindi upande wa pwani ya Afrika ndiko bahari inakoondoka na kurudi kwelikweli. Bamvua la huko hupita mita 3.

Kwa hiyo muogeleaji apelekwe Karibiani, au apewe juma la nusu mwezi. Lakini kwa mlaji mambo yanageuka. Pweza hukaa kwenye mashimo ya mwamba, na sehemu nyingi anakamatwa na watu wanaotembea kwa miguu mwamba ukiwa umebaki wazi. Mwamba unabaki wazi wakati wa bamvua. Ngisi na samaki wadogo wadogo wao huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka taa hazivuti kitu. Wavuvi wengi wa taa hupumzika siku hizo. Sasa piga hesabu mwenyewe. Mwezi ukiandama una bamvua mchana na giza usiku. Juma hilo sahani yako itanoga, na mkeo atakaa anatazama mchanga. Mimi ningefika mwezi ukiwa ndio kwanza umeandama, nikaondoka ukishapita nusu. Siku za mwanzo ni zako, za mwisho ni zake.

Haya, "samaki wa leo". Usimuulize mhudumu kama samaki ni mbichi, hakuna atakayekujibu la. Muulize leo kimeshuka nini. Akitaja aina mbili tatu, akakwambia nguru hakuna kwa sababu ya upepo wa jana, basi jiko lile linategemea mashua. Akisema kila kilichoandikwa kipo, linategemea friji. Kisha omba uoneshwe samaki mzima kabla hajakatwa, na usione haya, hakuna mpishi mwenye samaki mzuri anayechukia kumwonesha. Mimi nikipokea mzigo naanza na jicho. Liwe limejaa na linang'aa. Likizama na kufanya ukungu namweka pembeni. Nafungua shavu kwa kidole: ndani pawe pekundu, na pakiwa pa kahawia na utelezi mzito anarudi alikotoka. Nabonyeza mgongo kwa dole gumba, nyama iinuke yenyewe. Pua inakuja mwisho. Samaki wa leo ananuka bahari. Anayenuka samaki ni wa juzi.

Friji lakini si dhambi. Pweza aliyegandishwa hulainika kuliko wa moja kwa moja kutoka mwambani, maana barafu inavunja nyuzi za nyama. Kamba aliyegandishwa mashuani dakika chache baada ya kuvuliwa namchukua mbele ya yule aliyeshinda kwenye ndoo juani, hata kama wa ndoo "ni wa leo". Kamba koche aliye hai mnyanyue, mkia ujikunje kwa nguvu chini ya tumbo. Ukining'inia tu, agiza kitu kingine. Na mwambie mpishi wako ndimu aikamulie samaki karibu na moto, asimloweke tangu asubuhi. Ile asidi inapika nyama kabla ya mkaa, na akishinda humo unatafuna makapi. Wanapouza kwa uzito, uliza wanampima kabla ya kumparua na kumtoa matumbo au baada, na uulize akiwa bado hajagusa moto.

Nesi_Mstaafu

Dada Jikoni kamaliza, ila jicho na shavu haviwezi kuonesha sumu mbili, na wasafiri wa visiwani hukutana nazo.

Ya kwanza ni sigatera. Inaanzia kwenye vijimea vidogo mno vinavyoota juu ya matumbawe, hasa yaliyokufa. Samaki wadogo wanavila, wakubwa wanawala wadogo, na sumu inarundikana kwa wale mabwana wa mwamba: chewa mkubwa, mkunga, mzia. Samaki anaweza kuwa ametoka majini sasa hivi, anang'aa, na bado anayo. Haina ladha wala harufu, kuchoma hakuiondoi, kugandisha hakuiondoi. Ipo Karibiani, Pasifiki na Bahari ya Hindi. Anayepatwa hutapika na kuharisha, midomo inamchonyota, na dalili ya ajabu kuliko zote, akigusa kitu baridi anahisi kinamuunguza. Dawa yake ni kutoagiza majitu makubwa ya mwambani. Mkunga na mzia mimi siwali kisiwani, hata waletwe na sinia la fedha.

Ya pili ni histamini, ya jodari na kibua waliokaa bila barafu. Nayo haitoki kwa moto. Ukitafuna ukahisi pilipili ambayo mpishi hakuitia, tema. Uso kuwa mwekundu, kichwa kugonga na moyo kwenda mbio ndani ya saa moja au chini ya hapo, watu hudhani ni mzio wa samaki. Wengi hupoa kwa dawa za kuzuia histamini, lakini mtu akishindwa kupumua vizuri ni hospitali moja kwa moja. Mwenye mzio wa kamba ajue kaa na kamba koche wana protini ileile. Na mwenye ugonjwa wa ini asiguse chaza mbichi katika bahari ya joto.

Kuhusu kulala na kitabu usoni: miguu je? Jua kali ni kuanzia saa 4 asubuhi mpaka saa 10 jioni. Shirika la Afya Duniani linasema mchanga mkavu hurudisha kiasi cha asilimia 15 ya mionzi, na povu la bahari asilimia 25, kwa hiyo hata chini ya mwavuli unaungua taratibu kutoka chini. Paka krimu ya kukinga jua yenye SPF (kipimo cha kinga) 30 au zaidi, urudie kila baada ya saa mbili na kila ukitoka majini. Soma kopo: Palau, nchi ya visiwa huko Pasifiki, ilipiga marufuku krimu zenye kemikali ya oksibenzoni tangu Januari 2020, na Hawaii ikazuia kuziuza tangu 2021, kwa kulinda matumbawe.

Chini_ya_Maji

Naongeza samaki mmoja ambaye hamkumtaja: pono. Wazamiaji tunamsikia kabla ya kumuona, anatafuna jiwe kwa meno yake yale, kru kru kru, halafu anaogelea mbele kidogo na kuachia wingu jeupe nyuma yake. Lile wingu ni mchanga. Kwenye visiwa vya matumbawe sehemu kubwa ya ule mchanga mweupe mnaoulalia imepita tumboni mwake. Isitoshe anakwangua mwani usiyafunike matumbawe. Belize ilipiga marufuku kumvua tangu 2009. Nikimkuta kwenye orodha ya jioni namruka, nachukua jodari mdogo wa maji makuu, hana habari na mwamba.

Kobe_wa_Mchangani

Kwa hiyo Mpangaji anakwenda kulala juu ya mavi ya samaki kwa gharama zake mwenyewe. Karibuni visiwani.

Mpangaji_Mvivu

Kobe, hilo sitamsomea mke wangu. Mengine nimemsomea yote, na kwenye ile sehemu ya sentimita na mita akanikata kauli: Karibiani, mwezi wa Agosti, maana ndiyo likizo yake ya kazini. Mimi nimekubali kwa sharti la kamba koche. Bi Jikoni, Agosti ikoje huko?

Bi_Jikoni

Kamba koche utampata, kwa mfano Bahamas wanafunga uvuvi wake kuanzia 1 Aprili mpaka 31 Julai, kwa hiyo Agosti ndiyo wanafungua na jikoni ni furaha tupu. Tatizo ni mbingu. Msimu wa vimbunga vya Atlantiki ni kuanzia 1 Juni mpaka 30 Novemba, na kilele kinaanza katikati ya Agosti. Kimbunga hata kikipita mbali, mashua zinafungwa gatini na mnakula vya friji siku kadhaa. Halafu kuna mwani wa kahawia, sagasamu. Tangu 2011 unaletwa na mikondo kwa wingi miezi ya joto na kurundikana ufukweni, na ukioza unatoa harufu ya mayai viza. Upande wa mashariki wa visiwa ndio unaopokea zaidi, kwa sababu upepo na mikondo hutokea huko.

Kama kazini hawabadilishi tarehe, chukueni wiki ya kwanza ya Agosti, hoteli iwe upande wa magharibi wa kisiwa, na mlipie chumba kinachorudisha pesa kukiwa na kimbunga. Wakibadilisha, nendeni Februari au Machi: vimbunga hakuna, mwani huwa bado haujawa mwingi, na kamba koche Bahamas bado anavuliwa mpaka mwisho wa Machi. Mwezi huko usikuhangaishe, hayo ya bamvua niliyasema kwa ajili ya Bahari ya Hindi. Ila pweza wa kutembelea mwambani msahau, agiza vingine.