Mrejesho: Muda wa wahadhiri kufanya kazi pamoja

Wakuu, niliuliza namna ya kushirikiana na wahadhiri wenzangu wakati vipindi vyetu vinapishana kila siku. Ushauri uliozaa matunda ni ule wa kumwona mkuu wa idara kabla ratiba ya muhula haijapangwa. Alikubali Jumatano mchana isiwekewe kipindi, na vikao vya utawala visiiguse. Sasa tunasomeana rasimu za makala. Pia tumeunganisha mazoezi ya kozi zilizokuwa zikirudia mada zilezile, na mzigo wa kusahihisha umepungua. Hili limenifurahisha kuliko yote, maana wanafunzi nao wamepumua. Tatizo lililobaki ni wahadhiri wa muda: hawalipwi kwa saa hizo, na si haki kuwaita bure. Suala lao nimeshalipeleka kwa mkuu wa kitivo. Asanteni sana.